Tochi za shoti: volti milioni kumi, sentimita nne

Kuna tochi inauzwa Kariakoo, kwenye vibanda vya vifaa vya simu na kwenye kurasa za biashara za mitandaoni, ambayo watu wengi wa Mbagala, Chamazi, Tandale na Bunju hawainunui kwa ajili ya mwanga. Ina vitufe viwili. Cha kwanza kinawasha taa kama tochi nyingine yoyote. Cha pili kinarusha cheche za bluu kwenye mdomo wa tochi, pamoja na mlio mkali unaomfanya kila aliye karibu arudi nyuma hatua moja. Wauzaji wanaiita tochi ya shoti. Ubavuni mara nyingi imeandikwa POLICE, na kwenye boksi kuna namba kubwa: volti milioni 5, milioni 10, wengine wamefika milioni 20.

Makala hii ni uhakiki wa boksi hilo. Tutaisoma ile namba ya volti kama mhakiki anavyosoma sentensi ya kitabu: inasema nini, ni kweli au si kweli, na inaficha nini. Nikupe jibu mapema ili usome ukijua tunakoelekea. Namba iliyoandikwa si ya kweli. Na hata ingekuwa ya kweli, isingekusaidia. Namba mbili zinazoamua kama kifaa hiki kitakuokoa hazijaandikwa popote kwenye boksi, nazo ni sentimita na sekunde.

Nani ananunua, na kwa nini

Tusiwacheke wanunuzi. Anayenunua ni muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku na bado ana dakika kumi na tano za kutembea kutoka kituoni. Ni mama anayeamka saa kumi alfajiri kuwahi samaki Feri. Ni mwanafunzi wa kike aliyepanga chumba mbali na chuo kwa sababu karibu na chuo kodi haishikiki. Barabara kubwa zina taa, lakini ukishaingia ndani hatua mia mbili ni giza, kuta za matofali na vichochoro.

Na woga wenyewe una historia. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015 Dar es Salaam ilishikwa na taharuki baada ya taarifa kuenea kwamba vijana wa Panya Road wameingia mitaani. Watu walifunga maduka na kukimbia, hata kwenye mitaa ambayo hakuna aliyewaona. Septemba 2022 makundi ya namna hiyo yalirudi kwenye habari, safari hii yakivamia nyumba usiku yakiwa na mapanga, na kuna watu walijeruhiwa na wengine waliuawa. Ongeza na vishandu, yaani waporaji wa pikipiki wanaonyakua simu na mikoba, utaelewa kwa nini mtu akiona cheche za bluu anahisi amepata mlinzi wa mfukoni.

Kwa hiyo kama boksi linadanganya, hasara ni zaidi ya pesa. Mtu anayeamini ana mlinzi mfukoni anapita njia ambayo jana asingeipita. Anabaki kugombania simu ambayo jana angeiachia.

Rula inatosha

Tuanze na volti milioni 10. Huhitaji maabara kuipima, unahitaji rula ya shule.

Hewa ni kihami. Umeme haupiti hewani kirahisi mpaka msukumo wake uwe mkubwa kiasi cha kuvunja uhami huo, na hapo ndipo tunaona cheche. Kwa hewa ya kawaida, kati ya vipande viwili bapa vya chuma, inahitajika karibu volti 30,000 kwa kila sentimita moja. Kama chuma kimechongoka, kama yalivyo meno ya tochi hizi, inahitajika pungufu ya hapo, kwa sababu umeme hujikusanya kwenye ncha.

Sasa chukua rula, pima pengo ambalo cheche inaruka. Tuseme ni sentimita 2. Zidisha mara 30,000. Unapata volti 60,000, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa tunachoweza kukipa kifaa hicho. Kwa sababu ya ncha, ukweli utakuwa chini ya hapo. Voltmita ya gharama haihitajiki. Cheche yenyewe ndiyo kipimo.

Tugeuze hesabu. Volti milioni 10 zingeweza kuruka hewani zaidi ya mita 3. Yaani muuzaji akibonyeza kitufe dukani, cheche isingehangaika na lile jino la pili lililo sentimita mbili pembeni. Na isingewezekana kabisa volti hizo zijengeke: umeme ungeruka mapema, mara tu msukumo unapofika makumi machache ya maelfu, na kushuka. Pengo la meno ndilo linaloweka dari ya volti. Huwezi kuwa na meno yaliyoachana sentimita 2 na volti milioni 10 kwa wakati mmoja kwenye hewa ya Kariakoo.

Kama bado una shaka, linganisha na kitu unachokijua. Njia kubwa ya kusafirisha umeme kutoka Bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze ni ya kilovolti 400, yaani volti laki nne. Nyaya zake zinaning'inia kwenye vihami vyenye urefu wa mita kadhaa, juu ya minara mirefu, kwa sababu zikikaribia kitu chochote umeme utaruka. Tochi ya mkononi inadai volti mara 25 ya hizo, ikiwa ndani ya ganda la plastiki unaloshika kwa kiganja. Mhandisi yeyote wa TANESCO angekuwa wa kwanza kukimbia.

Hata kama ingekuwa kweli

Tuseme tumesamehe uongo huo. Bado kuna kosa la pili, ambalo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa sababu linafundisha watu fizikia ya uongo. Boksi linataka uamini kwamba volti nyingi ni nguvu nyingi.

Jiulize: soketi ya ukutani ina volti 230 tu, na inaua watu. Tochi inadai milioni 10 na muuzaji anajipiga nayo kwenye paja huku anacheka. Kama volti ndiyo nguvu, mambo haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja.

Fikiria maji. Volti ni presha. Ampea ni kiasi cha maji yanayopita kwa sekunde. Bomba la sindano ukilisukuma kwa kidole gumba linatoa maji kwa presha kubwa, lakini huwezi kujaza ndoo kwa hilo. Bomba la DAWASA linaweza kuwa na presha ya kawaida tu, lakini likipasuka linafurika mtaa mzima. Soketi yako imeungwa na gridi ya taifa, na nyuma yake kuna mitambo mikubwa iliyo tayari kutoa kadiri mwili wako utakavyopitisha. Tochi imeungwa na betri moja ndogo ya kuchaji.

Hapa hesabu ni fupi. Betri ya namna hiyo ina volti 3.7. Tuifanyie ukarimu tuseme inatoa ampea 2. Zidisha: wati 7.4. Hiyo ni nguvu ya taa moja ndogo ya kuokoa umeme. Transfoma inaweza kupandisha volti utakavyo, lakini haiwezi kuumba nguvu. Ikipandisha volti, mkondo unashuka kwa uwiano uleule. Gawanya wati 7.4 kwa volti milioni 10: wastani wa mkondo ni chini ya sehemu moja ya milioni ya ampea. Kinga ya umeme wa nyumbani, ile inayokata umeme ukivujia kwenye mwili wa mtu, kwa kawaida imewekwa ikate kwenye miliampea 30. Hiyo ni zaidi ya mara 40,000 ya mkondo tuliopata. Kwa maneno mengine, kadiri muuzaji anavyoongeza sifuri kwenye boksi, ndivyo anavyokiri, bila kujua, kwamba mkondo wa kifaa chake ni hafifu zaidi.

Kampuni zinazotengeneza vifaa vya kweli vya aina hii hazijifichi kwenye jambo hili. Taser X26, ambayo ilitumiwa na polisi wa Marekani kwa miaka mingi, ilitangazwa kuwa na volti 50,000, tena hizo ni za kurushia cheche hewani na kupenya nguo. Ikishafika mwilini, kilele chake ni kama volti 1,200. Wastani wa mkondo ni miliampea 2 hivi, ukija kwa mapigo mafupi mno, 19 kwa sekunde. Hakuna milioni hata moja hapo.

Basi mbona inauma?

Inauma, na mtu asikudanganye kwamba haiumi. Ndani ya tochi kuna saketi inayokatakata umeme wa betri, transfoma inayoupandisha, na kapasita inayojaa na kumwaga, inajaa na kumwaga, mara kadhaa kwa sekunde. Kila mmwago ni pigo fupi sana, lakini ndani ya muda huo mfupi mkondo ni mkubwa wa kutosha kuamsha neva. Neva zetu zenyewe zinawasiliana kwa umeme, kwa hiyo pigo likiingia zinasoma kama ujumbe. Neva za maumivu zilizo chini tu ya ngozi ndizo za kwanza kuusoma.

Lakini kuumia na kuanguka ni vitu viwili tofauti, na hapa ndipo matangazo yanapocheza rafu. Ukikutana na video ya mtu mzima mwenye kifua anaganda kama gogo na kwenda chini, angalia vizuri. Mara nyingi utaona nyaya mbili nyembamba zimetoka kwenye kifaa zikaenda mpaka mgongoni mwake. Hiyo ni Taser, inayorusha mishale miwili. Ni kifaa kingine, kinachofanya kazi kwa njia nyingine.

Taser ilibuniwa na Mmarekani Jack Cover miaka ya 1970. Jina alilitoa kwenye kitabu cha hadithi za watoto kuhusu kijana mvumbuzi Tom Swift. Ya kwanza ilirusha mishale kwa baruti, ndiyo maana mwaka 1976 serikali ya Marekani iliiweka kwenye kundi la bunduki. Mwaka 1993 ndugu wawili, Rick na Tom Smith, walishirikiana na Cover kuifanya irushe kwa gesi iliyoshindiliwa badala ya baruti. Siri yake haipo kwenye volti. Ipo kwenye umbali kati ya mishale miwili. Mshale wa chini hutoka kwa pembe, hivyo kadiri unavyosafiri ndivyo unavyoachana na wa juu, karibu sentimita 30 kwa kila mita 2 za safari.

Kwa nini umbali? Hapa naomba nitumie fani yangu, maana ninachosomea ni kutafuta maji ya ardhini kwa umeme. Kama umewahi kuchimba kisima Kigamboni au Goba, huenda umewaona watu wa aina yangu. Tunapigilia vigingi viwili vya chuma ardhini, tunapitisha umeme kati yake, na tunasoma ardhi inavyoukinza. Tukitaka kuona juu juu, tunaviweka vigingi karibu. Tukitaka kuona chini, tunavuta nyaya, tunaviachanisha mita hamsini, mia, mia mbili. Sababu ni kwamba umeme unapenda njia fupi. Kama ardhi ingekuwa ya aina moja kila mahali, katikati ya vigingi viwili nusu ya mkondo wote ingepita juu ya kina kilicho sawa na nusu ya umbali kati yake. Vigingi vikiwa karibu, unapasha joto udongo wa juu tu na maji hutayaona.

Mwili nao ni vivyo hivyo. Tochi ya shoti ina meno yaliyoachana sentimita 4 hivi. Kwa kanuni ileile, nusu ya mkondo inapita ndani ya sentimita 2 za kwanza: ngozi, mafuta, na kiraka cha msuli kilicho chini yake. Utasikia moto wa kuchoma, na msuli wa sehemu hiyo unaweza kurukaruka. Lakini mtu hasimami kwa kiraka cha msuli. Anasimama kwa mgongo, tumbo, mapaja. Mishale iliyoachana sentimita 30 inapitisha mkondo kwenye misuli mikubwa mingi kwa pamoja, na neva zinazoiendesha zinashindwa kupokea amri ya ubongo kwa sababu laini iko bize. Ndiyo maana yule wa kwenye video anaganda. Meno ya sentimita 4 hayana uwezo huo, hata ungeyapa betri ya lori.

Polisi wa Marekani wanalijua hili. Hata Taser inaweza kugusishwa mwilini moja kwa moja bila mishale, na ikitumiwa hivyo inabaki kuwa kifaa cha maumivu tu. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na taasisi ya Police Executive Research Forum, kwa ushirikiano na Wizara ya Sheria ya Marekani, uliwashauri askari wasiitegemee njia hiyo, ukieleza kwamba ufanisi wake ni mdogo na kwamba ikirudiwarudiwa inaweza kumpandisha hasira anayepigwa. Hao ni askari waliofunzwa, wenye redio na wenzao nyuma. Wewe uko peke yako nyuma ya ukuta wa shule, saa tatu usiku.

Sentimita na sekunde

Sasa tuirudishe tochi mtaani tuipe mtihani wa haki.

Namba ya kwanza ambayo boksi halisemi ni umbali wa kufanyia kazi. Ni sifuri. Meno lazima yamguse mtu, au yabakize upenyo ambao cheche inaweza kuruka. Fulana haisumbui sana, lakini koti zito lililoachia mwili linaweza kutosha kuukata umeme njiani. Panga la kawaida la dukani lina urefu wa karibu nusu mita, na ukiongeza mkono wa anayelishika, anakufikia akiwa zaidi ya mita moja. Ili umguse na tochi yako, inabidi kwanza upite ndani ya eneo la panga lake.

Namba ya pili ni muda. Maelekezo ya vifaa hivi kwa kawaida humtaka mtumiaji agandamize kwa sekunde 3 hadi 5. Gandamiza mkono wako ukutani uhesabu mpaka tano taratibu. Ukuta umetulia. Binadamu aliyeguswa na moto anarudi nyuma ndani ya sehemu ya sekunde, na akisharudi nyuma mzunguko umekatika na mateso yameisha. Hakuna kilichobaki mwilini mwake cha kumzuia asirudi tena, na safari hii ana hasira. Ndani ya sekunde hizo tatu mwenye panga anaweza kushusha mkono mara mbili au tatu.

Namba ya tatu ni idadi. Panya Road huja wengi. Tochi ina mdomo mmoja.

Kuhusu vishandu, hesabu ni fupi zaidi. Pikipiki ikipita kwa kilomita 36 kwa saa inakata mita 10 kwa sekunde. Simu imeshaondoka kabla kidole hakijafika kwenye kitufe.

Najua atakayesema: "Sawa, haimwangushi, lakini itamshtua nipate nafasi ya kukimbia." Hii ni hoja ya maana na siidharau. Yupo mwizi wa mmoja mmoja, asiye na silaha, aliyekukaba kwa nyuma au kukushika mkono, ambaye akipata maumivu asiyoyatarajia atakuachia. Na watu huuliza kama akiwa amekushika na wewe utapigwa. Hupigwi, kwa sababu umeme unakwenda kutoka jino moja kwenda la pili kwa njia fupi, hauna haja ya kuzunguka kupitia mkono wake hadi kwako. Kwa hali hiyo moja kifaa kinaweza kusaidia, ilimradi kiko mkononi tayari na si chini ya daftari na chaja ndani ya mkoba. Lakini boksi halikuuzii hali hiyo moja. Linakuuzia usiku wote.

Hatari inayobaki kwako

Kuna wanaodhani kwamba kama kifaa hakiangushi mtu, basi ni mdoli. Hapana. Mwaka 2012 shirika la Amnesty International lilisema kwamba tangu 2001 watu wasiopungua 500 nchini Marekani walikufa baada ya kupigwa na Taser, iwe wakati wa kukamatwa au wakiwa kizuizini. Vifo vingi kati ya hivyo madaktari waliviandikia sababu nyingine, na Taser ina nguvu kuliko tochi yetu. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito au mtu aliyesimama juu ya ngazi si wa kufanyiwa majaribio ya kuchekesha rafiki.

Hatari ya pili ni ya kwetu zaidi. Cheche ni moto. Mitaa yetu ina petroli kwenye chupa za maji kando ya vijiwe vya bodaboda, na majiko ya gesi kwenye vyumba ambamo mtungi uko hatua mbili kutoka kitandani. Mvuke wa petroli au gesi iliyovuja havihitaji volti milioni 10. Cheche ya kiberiti cha gesi inatosha, na ya tochi hii inatosha zaidi.

Na lipo jambo la tatu ambalo halizungumzwi kabisa. Kifaa kinachotoa maumivu makali bila kuangusha na bila kuacha alama kubwa kinafaa zaidi kwa mtu aliyefungwa kuliko kwa mtu anayekushambulia. Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya, kwenye kanuni zake za mwaka 2005 za kuzuia biashara ya vifaa vya mateso, uliviweka vifaa vya shoti vya mkononi kwenye orodha ya bidhaa zinazohitaji kibali kuuzwa nje. Uingereza raia haruhusiwi kuwa navyo, vinahesabiwa pamoja na silaha zilizopigwa marufuku kwenye Sheria ya Silaha ya 1968. Hapa kwetu tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Muuzaji akikwambia "hii haina haja ya kibali", mwambie akuonyeshe kifungu, au pitia kituo cha polisi uulize kabla hujalipa.

Tochi ndani ya tochi

Jambo linaloniudhi kuliko yote kwenye bidhaa hii ni kwamba kitufe bora ni kile cha kwanza, ambacho muuzaji hakitaji. Jicho likishazoea giza, utaratibu unaoweza kuchukua hadi nusu saa kukamilika, mwanga mkali wa ghafla unalipofusha kwa sekunde kadhaa. Mwanga unafanya kazi ukiwa mita kumi, haujali mko wangapi, unakuonyesha shimo na mtaro, na unamwambia aliyejificha kwamba ameshaonekana.

Cha pili ni kelele. Wasukuma na Wanyamwezi walipoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, kifaa chao kikuu kilikuwa sauti ya kuitana, iliyowatoa watu wote ndani. Filimbi ya refa inafanya kazi hiyohiyo kwa fizikia safi. Masikio yetu yanasikia vizuri zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000, na filimbi inapiga humohumo. Tuseme inatoa desibeli 100 ukiwa mita 1. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, kwenye eneo la wazi, zinapungua desibeli 6. Ukiwa mita 64 bado zimebaki 64, sawa na mtu anayezungumza nawe kawaida. Nyumba ngapi za Tandika ziko ndani ya mita 64?

Lakini filimbi bila makubaliano ni kelele tu, na kelele ya "mwizi!" imeshaua watu wasio na hatia katika jiji hili. Inahitaji majirani waliokaa kikao, mjumbe anayejulikana, ulinzi shirikishi wenye namba ya kituo cha polisi, na makubaliano kwamba tunatoka kuwasha taa na kumulika, hatutoki kuchoma mtu. Hilo haliuzwi Kariakoo, na ndiyo maana halina tangazo.

Kama ningepewa kazi ya kuandika boksi upya, ningeandika hivi: "Tochi ya kuchaji. Mwanga mzuri. Volti za cheche: pungufu ya 60,000. Meno: sentimita 4. Inauma ikigusa ngozi, kwa muda inaogusa tu. Haiangushi mtu. Isitumike karibu na petroli au gesi. Ukiweza kukimbia, kimbia kwanza." Bado wapo watakaoinunua, na wengine watakuwa na sababu nzuri. Angalau watakuwa wamenunua kitu wanachokijua. Wewe ukienda dukani leo, nenda na rula.